Kidevu cha Mgeni

Jumatatu, 2 Juni

Niwie radhi, daftari. Tangu Januari sijakufungua. Sikuugua, sikusafiri, sina kisingizio. Sikuwa na la kusema, na asiye na la kusema anyamaze. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Sasa ninalo. Nina paka ndani ya nyumba.

Si wangu. Ni wa mdogo wangu. Wiki tatu zilizopita aliteleza kwenye ngazi za nyumba aliyopanga, akavunjika nyonga. Ngazi zile nilizisema tangu siku ya kwanza aliyohamia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu — methali haijapata kukosea. Hatujazungumza kwa miaka minne, mimi na yeye, tangu tulipomzika mume wake. Siku ile alisoma kikaratasi cha kumuaga marehemu mbele ya watu wote. Alipomaliza nilimwambia kwamba kilikuwa kizuri, ila kilikuwa na makosa mawili. Nilidhani ninamsaidia. Hakunisemesha tena.

Lakini akiwa kitandani hospitalini, mguu umefungwa, alimtuma binti yake aniletee paka, bakuli na karatasi. Kwa nini mimi, sijui. Ana marafiki chungu nzima.

Karatasi yenyewe ilikuwa aibu. Ukurasa mmoja, makosa kumi na saba! Na mwandishi ni mtu aliyelelewa nyumba moja na mimi. Nilikaa mezani, nikachukua kalamu nyekundu, nikaisahihisha yote, nikampa binti yake siku ileile amrudishie. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa msomaji prufu, msaka makosa, katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Hakuna kitabu kilichokwenda mtamboni bila kupita mikononi mwangu. Siwezi kuacha karatasi ikae na makosa, kama nisivyoweza kukalia kiti chenye maji.

Bakuli lilikuwa la stili, zito, linang'aa. Nikaona hili ni bakuli la watu, nikaliweka kabatini. Paka anakula katika kibakuli cha plastiki, cha njano, kilichokuwa kikikaa chini ya sinki. Anakula vizuri tu.

Mdogo wangu anamwita Malkia. Mimi namwita Mgeni. Ni mweupe mwili mzima. Leo asubuhi, mwanga wa dirishani ulipompiga, nimeona kidevu chake ni kichafu. Vidoa vyeusi, vidogo kama nukta, kana kwamba mtu amemnyunyizia pilipili manga.

Paka mweupe, kidevu cheusi. Ndivyo anavyomtunza. Nitamrudisha akiwa safi kuliko alivyokuja.


Jumatano, 4 Juni

Nimemwosha. Sabuni ya kufulia, maji ya uvuguvugu, mswaki mkuukuu. Nilimfunga kwa taulo kama mtoto mchanga, kichwa tu nje. Amenipa mikwaruzo mitatu, mkono wa kushoto. Vidoa vilipungua — nilidhani vimepungua. Kidevu kilipokauka vilikuwa palepale.

Jioni Fundi alipita. Alikuwa akiendesha mtambo mkubwa kiwandani, na tulistaafu mwaka mmoja. Ndiye pekee aliyebaki anayeniita Wembe. Jina la kazini hilo. Kabla filamu za kurasa hazijakwenda mtamboni nilizikagua juu ya meza ya taa, na kila kidoa nilichokiona nilikikwangua kwa ncha ya wembe. Kidoa kimoja kwenye filamu ni kidoa kwenye nakala elfu kumi.

Alisimama mlangoni, akanitazama mimi, mswaki na paka. Akauliza huyu naye anachapwa lini.

Nikamwambia ninaondoa uchafu uliomshinda mwenye paka. Akasema paka hujiosha mwenyewe kwa ulimi wake, na kama kuna mahali hapajaosheka huenda pana sababu. Nikaendelea kusugua. Mtu aliyekuwa akitoa vitabu vyenye kurasa zilizokwenda upande hana la kunifundisha kuhusu usafi.


Ijumaa, 6 Juni

Nimepata njia. Taa ya mezani, miwani ya kusomea, kibano kidogo cha kutolea vibanzi. Kidoa nikikibinya kwa kucha hutoka kama punje ya mchanga mweusi, na nyuma yake uzi wa nta. Kumbe havikukaa juu ya ngozi, vimejichimbia ndani! Ndiyo maana mswaki ulishindwa. Nimetoa arobaini na kimoja, kimoja baada ya kingine. Mgeni alilia mwanzoni, kisha akatulia, akafumba macho. Nimechukulia kwamba amekubali.

Sijapata raha ya kazi namna hii tangu nistaafu. Naandika ukweli.

Mchana binti wa mdogo wangu alipiga simu. Anasema mama yake atatoka hospitalini baada ya wiki mbili. Daktari amekataza ngazi. Labda mwaka mzima, labda moja kwa moja. Nyumba ya mama yake ina ngazi. Binti mwenyewe anakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna.

Nyumba yangu iko chini, haina hata kizingiti. Chumba cha mbele kina kitanda kilichotandikwa kisicholaliwa na mtu. Binti anajua. Mimi najua. Mdogo wangu anajua kuliko sisi sote.

Lakini mwenye haja huomba. Mimi ndiye mkubwa. Siwezi kumbembeleza mtu aliyenipa kisogo miaka minne. Aniombe.

Mwishoni akaniuliza hali ya paka. Nikasema hajambo, sasa ni msafi. Akasema mama atafurahi.

Atafurahi. Neno hilo nimekuwa nalo siku nzima, kama mtoto aliyefumbatishwa peremende. Katika umri huu!


Jumatatu, 9 Juni

Vimerudi. Na vingine vipya pembeni mwa mdomo. Nimetoa ishirini na sita. Damu kidogo. Nikapangusa kwa spiriti, akachomoka mikononi kama mshale, akaingia chini ya kitanda cha chumba cha mbele. Hatoki. Ningemtoa kwa ufagio, lakini mgongo umekataa kuinama.

Hana shukrani. Kafanana na mwenye paka.


Jumatano, 11 Juni

Jana hakula. Leo hakula. Kidevu kimevimba, kina moto, chekundu. Nikinyoosha mkono ananguruma.

Nilimwekea chakula ndani ya kibakuli chake cha njano mlangoni pa chumba. Alikitazama, akageuza uso.


Alhamisi, 12 Juni

Siku ndefu. Nitaiandika kwa mpangilio.

Asubuhi niliamka nikakuta uvimbe umepasuka. Usaha na damu kwenye manyoya meupe, kwenye zulia, kwenye shuka niliyomtandikia mtu ambaye sijamwalika. Nilimtia kikapuni. Kikapu ni cha mdogo wangu, na kwenye kifuniko pamebandikwa anwani ya kliniki ya wanyama. Nikaenda hukohuko. Sikujua pengine.

Daktari ni mwanamke kijana, mikono ya koti imekunjwa hadi viwikoni. Alimweka Mgeni mezani, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja. Taratibu sana. Kisha akauliza, "Nani alikuwa akizibinya?"

Nikasema, "Mimi."

"Hizi ni chunusi, mama."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nikamwambia chunusi ni za vijana. Akasema na za paka. Akanieleza, nami nasema kwa haki kwamba alieleza vizuri. Chini ya kidevu cha paka kuna vitezi vinavyotoa mafuta. Mafuta yakizidi huganda kwenye vinyweleo na kuwa meusi. Si uchafu. Si utunzaji mbaya. Wengine huwa nayo maisha yote wala hayawasumbui. Unapangusa kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, unaacha. Ukibinya, unaipasua ngozi kwa ndani na vijidudu vinaingia. Ukisugua, vivyo hivyo. Spiriti — hapo aliacha kuandika, akanitazama. Spiriti ni kuchoma kidonda, mama.

Akauliza anakula katika chombo gani. Nikasema plastiki. Akatikisa kichwa. Plastiki hukwaruzika, akasema, na ndani ya mikwaruzo hubaki mafuta na vijidudu hata ukiosha vipi, na paka hukisugua kidevu humo kila mlo. Si sababu pekee, lakini ndiyo ya kwanza wanayoiondoa. Kioo, kauri au stili. Kioshwe kila siku.

Stili. Nililiona mawazoni bakuli lile kabatini, nyuma ya sahani za wageni. Nikajiinamia.

Kisha akafungua jalada. Akasema, "Lakini huyu si Malkia? Tulimtibu mwaka jana. Mama anayemfuga tulimweleza yote haya, akaandika mwenyewe kwenye karatasi, alikuwa hataki kusahau hata moja. Wewe hukuambiwa?"

Nikasema, "Sikuambiwa."

Nililisema kwa sauti kamili, kama mtu anayetoa ushahidi.

Wamemnyoa kidevu. Wamemwosha kidonda. Kidevu bila manyoya ni kidogo mno, kama cha mtu mzee. Amepewa vidonge vya kuua vijidudu, siku kumi na nne, na dawa ya kuoshea iliyozimuliwa kwa maji — kugusagusa tu kwa pamba, asubuhi na jioni, kutosugua. Na kola shingoni, mfano wa tarumbeta, asikikune.

Nilikuwa nusu ya njia ya kurudi, kikapu mkononi, nilipokumbuka ile karatasi.

Nilisimama. Watu wakanipita pande zote mbili.

Kwa sababu ninaikumbuka. Ninaikumbuka yote! Mstari wa kwanza haukuwa na herufi kubwa. Mstari wa tatu maneno mawili yalikuwa yameshikana. Kuna mahali aliacha nukta, kuna mahali aliweka tatu. Naweza kuyataja makosa kumi na saba kwa mfuatano wake. Lakini alichokisema — sijui. Nimekaa hapa tangu jioni ninajaribu. Sijui hata neno moja.

Kiwandani tulifundishwa hivyo. Ukisoma prufu usifuate habari. Habari itakuteka na kosa litakupita. Wengine walisoma mstari kutoka mwisho kuja mwanzo ili maana isiwasumbue. Mimi sikuhitaji hata hilo. Nilikwishazoea. Nimesoma vitabu mia nne na zaidi, na ukiniuliza vilisema nini, nitakuambia vilikuwa safi.


Ijumaa, 13 Juni

Nimekitupa kibakuli cha njano. Kabla ya kukitupa nilikipitisha chini ya taa. Mikwaruzo mitupu. Miwani niliyoitumia kwa kidevu sikuitumia kwa bakuli.

Nimelitoa bakuli la stili. Mgeni amekula kidogo. Kola inagonga ukingo wa bakuli, na bakuli linagonga sakafu. Kelele nyumba nzima. Naivumilia.

Sijampigia simu binti. Nitapiga kesho.


Jumamosi, 14 Juni

Sikupiga.


Jumapili, 15 Juni

Alikuja mwenyewe. Ameleta mchanga wa paka. Aliingia akiwa anacheka jambo la barabarani, akamwona Mgeni na tarumbeta lake, na kicheko kikakatikia hapohapo. Akaketi sakafuni, na gauni lake jeupe.

"Mama Mkubwa. Nani kamfanya hivi?"

"Mimi."

Nilimweleza yote, tangu mswaki hadi spiriti. Sikuficha kitu. Mtu anayekiri nusu ni afadhali asikiri. Alisikiliza huku anamkuna paka nyuma ya sikio, ndani ya kola, mahali ambapo mimi sikuwahi kufikiri kumkuna.

Akauliza kwa nini sikufuata karatasi. Nikasema karatasi nilimrudishia mama yake.

"Ulimrudishia ikiwa nyekundu," akasema.

Kisha akanipa habari ambayo nilistahili kuipata mapema. Siku alipompelekea mama yake karatasi ile, mama yake alikuwa amekwisha kuwatangazia wagonjwa wa wodi nzima kwamba dada yake mkubwa amemjibu. Miaka minne, dada amejibu. Akaifungua mbele yao. Akaisoma hadi chini. Akasema, "Nilimwandikia dada barua, nimerudishiwa mtihani." Wodi nzima ikacheka, na muuguzi pia. Yeye hakucheka. Aliikunja, akaitia chini ya mto.

Nikasema haikuwa barua, yalikuwa maelekezo.

"Ulisoma?" akaniuliza.

Nikaanza kuufungua mfuko wa mchanga wa paka. Na yeye akaona kwamba nimelikwepa swali.

Halafu likaja la pili. Mama yake ana marafiki wanne ambao wangempokea yule paka siku hiyohiyo. Aliwakataa wote. Alisema apelekwe kwangu, na alitoa sababu: "Akiweza kukaa na Malkia mwezi mmoja bila kumrekebisha, basi na mimi anaweza kukaa nami." Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa tayari kuja! Tangu siku ya kwanza. Hakuwa anangoja kualikwa, alikuwa anangoja kuona.

Nimekuwa nikitahiniwa wiki tano. Na karatasi ya maswali niliisahihisha badala ya kuijibu.

Nikauliza sasa itakuwaje. Akasema kuna nyumba ya kutunzia wazee, nje ya mji. Wamewekewa kitanda hadi Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, siku atakayotoka. Si mahali pabaya, akasema, na aliposema hivyo alikuwa anatazama dirishani. Akasema pia kwamba habari ya kidevu lazima amwambie mama yake, kwa sababu yeye hawezi kumdanganya mgonjwa.

Nikamwambia amwambie. Neno kwa neno. Na kama karatasi ile bado iko chini ya mto, namwomba mdogo wangu anirudishie.

Nilisema namwomba. Binti aligeuka kunitazama vizuri.


Jumanne, 17 Juni

Asubuhi kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika tano. Pamba na dawa. Kidonge ndani ya kipande cha samaki. Jioni hivyo hivyo. Nimejifunza kumpakata badala ya kumfunga taulo. Uvimbe umeshuka.

Fundi alikuja, akaketi, akanitazama nikigusagusa kwa pamba. Akasema hakujua kwamba Wembe ana mkono mwepesi namna hii. Mtambo wetu wa kiwandani, akasema, ungejua hivyo ungelia. Sikucheka. Nikamweleza habari ya karatasi. Nilitaka aniambie kwamba mtu yeyote angefanya hivyo.

Akasema, "Unakumbuka mke wangu alipofariki? Ulinitumia kadi. Nzuri sana. Ulikuwa umesahihisha kwa wino tarehe iliyochapwa vibaya."

Sikumbuki. Lakini tarehe isiyo sahihi kwenye kadi ya rambirambi — ningefanya nini?

Tazama. Hata sasa nauliza.


Alhamisi, 19 Juni

Karatasi imefika. Binti ameileta mchana, hakukaa. Amesema mama amekwisha kuambiwa kuhusu kidevu. Mama aliuliza kama paka anakula. Hakuuliza jingine.

Niliiweka mezani. Nikaondoa kalamu zote juu ya meza, nikazifungia mtotoni mwa meza, ufunguo nikauweka jikoni. Najijua.

Nimeisoma. Mara tatu, mwanzo hadi mwisho, kwa maana.

Anaanza: *dada malkia anachunusi za kidevu usicheke ni kweli*. Nilikata na kuandika herufi kubwa. Kisha anasema nisimpe chakula kwenye plastiki, nitumie bakuli alilomletea tu, liko ndani ya mfuko. Neno lenyewe alilikosea. Mimi nimeliandika upya juu yake, kwa mkono wangu, kwa wino mwekundu, hati nzuri kabisa: *plastiki*. Nililiandika mimi! Na muda si mrefu nikainuka, nikaenda chini ya sinki kutoa kibakuli cha njano.

Mstari wa sita: *usizibinye ata zikikukera, najua zitakukera*. Nimeongeza herufi moja, nikasonga mbele.

Najua zitakukera. Alijua. Alinijua, na aliniandikia, na mimi nikatia herufi.

Mwisho kabisa kuna sentensi mbili. Hizi sikuzisahihisha. Nilizikata zote kwa mstari mmoja, kwa rula, na pembeni nikaandika: *Haihusiani na maelekezo. Ondoa.* Chini ya mstari wangu bado zinasomeka. Nazinakili hapa kama alivyoziandika:

*nimekuletea wewe kwasababu wewe ukiambiwa kitu unafanya kama kilivyo andikwa. sina mwengine ninae mwamini.*

Mama yetu alikuwa akisema mimi ni jicho la nyumba na mdogo wangu ni ulimi wa nyumba. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haisemi mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini.




Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi nilimwandikia. Kurasa mbili. Nilieleza kazi yangu ilivyokuwa, jinsi jicho linavyozoezwa, jinsi jambo lilivyotokea hatua kwa hatua. Nilipoisoma nikaona haina kosa hata moja. Nikaichana. Barua isiyo na kosa, na ndani yake mimi ndiye niliyeonewa.

Nikageuza karatasi yake yeye, upande wa nyuma, ulio mweupe. Nikaandika kwa penseli: *Nilikosea mimi. Bakuli lako liko sakafuni. Chumba cha mbele ni chako. Njoo.*

Sikuipitia. Nikaikunja vilevile nikampa binti saa sita mchana, alipokuja kumpiga Mgeni picha ya kidevu. Mama yake kaiagiza. Nilimshika Mgeni mwenyewe, tukafungua kola. Ngozi imefunga, ya waridi, manyoya yameanza kuchipua kama ndevu za siku mbili. Binti akasema anapendeza. Hapendezi. Lakini amepona.

Baada ya hapo nimeondoa zulia la chumba cha mbele, mguu usije ukanasa. Nimesogeza kitanda karibu na dirisha. Nimefua shuka ile. Doa la usaha halikutoka lote. Nilikaribia kuitafutia nyingine. Nimeitandika hiyohiyo, doa upande wa miguuni.

Fundi ametengeneza kishikio cha bomba ukutani, bafuni, cha kujishikia. Sikumwomba. Alikuja na kisanduku cha vifaa akasema nisimkague akiwa kazini. Kishikio kimekwenda upande kidogo. Nimekiona tangu mlangoni. Nimemwambia ahsante.

Saa kumi na moja simu imelia. Ni binti. Kasema mama amesoma. Nikauliza kasema nini. Kasema hivi, na nilimwomba arudie ili nisikosee: "Mwambie dada kosa la paka limekwisha. Lile la msibani bado." Kisha mama akaomba kalamu, akayatazama maandishi yangu ya penseli muda mrefu, akarudisha kalamu bila kuandika kitu. Kuhusu kesho, kasema ataamua akiwa ndani ya gari. Pale njia panda, kushoto ni nje ya mji, kulia ni kwangu. Dereva ameambiwa apunguze mwendo pale angoje.

Ni haki yake. Mimi nilimfanya asubiri miaka minne kwa ajili ya makosa mawili.

Sasa ni jioni. Mgeni amekula, bakuli limegonga sakafu, nyumba nzima imesikia. Nimempakata karibu na taa kumpangusa kidevu. Upande wa kushoto, chini kabisa ya mdomo, kuna vidoa vyeusi viwili. Vipya. Vidogo kama nukta.

Nimeviona. Miwani ninayo. Kibano kiko mtotoni mwa meza.

Nimeweka kitambaa cha moto, nimehesabu dakika tano, nimekiondoa. Viko palepale. Amelala mapajani mwangu na vidoa vyake, nami naandika kwa mkono mmoja, hati mbaya.

Gari likishapita njia panda, kulia au kushoto, nitakuandikia.